Maswali Madogo ya Fumo Liyongo

Paukwa! Pakawa. Haya, vijana wa hapa Mtopanga, Kisauni, sogeeni karibu. Leo sitawahadithia kisa cha Fumo Liyongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana wengi wenu mmekisoma darasani mlipofundishwa mighani. Leo tutakaa na maswali yake. Yale makubwa ya mtihani, kama sifa za shujaa na umuhimu wa mighani katika jamii, tutamwachia mwalimu. Mimi nataka yale madogo ambayo mtu huyafikiria usiku akiwa kitandani, hadithi imekwisha lakini usingizi haujaja.

Nawasikia mkibishana njiani kuhusu zile filamu za mazimwi na falme za theluji. Joka lile liliruka likaenda wapi? Upanga ule alirithi nani? Kwa nini mfalme hakutuma jeshi mapema? Wazazi wengine huona mnapoteza wakati. Mimi naona mmesikiliza vizuri, kwa sababu asiyesikiliza hana la kuuliza. Kinachonisikitisha ni kwamba bidii hiyo hatumpi shujaa wetu wenyewe. Kaburi linalosemwa ni lake huonyeshwa Kipini, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini. Barabara ya kwenda huko ni hii hii inayopita karibu nasi ikielekea Malindi na Garsen.

Kwa aliyesahau, kisa kwa ufupi ni hiki. Liyongo alikuwa mtu wa Shaka, katika nchi ya Ozi, mrefu kupita kiasi, mwenye nguvu, hodari wa upinde na hodari wa mashairi. Mfalme wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya kiti. Akawaahidi fedha watu wa msituni wamuue, wakashindwa. Akamkamata kwa hila siku ya ngoma, akamfunga gerezani, Liyongo akatoroka. Mwishowe mfalme akamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe. Mtoto akamuuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumuua, akajua kuwa ni sindano ya shaba kitovuni, akamchoma akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafa katika hali hiyo. Watu wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji, kwa kuwa walidhani yu hai.

Sasa, kabla hamjaanza kurushiana majibu, kuna jambo moja la kujua. Maswali ya hadithi si ya aina moja. Kuna swali ambalo hadithi yenyewe imelijibu, ila msikilizaji alipitwa. Kuna swali ambalo masimulizi mawili yanalijibu kwa njia mbili. Na kuna swali ambalo hadithi imeliacha wazi. Ukiyachanganya hayo utabishana mwaka mzima bila kufika. Ukiyatenga, kila swali litakufundisha kitu.

Tuanze na lililo rahisi. Watu huuliza, walinzi wa gereza walikuwa vipofu? Liyongo alikata pingu na minyororo kwa tupa. Tupa ni chuma, na zilipita mlangoni mbele ya macho yao. Vipi?

Hili hadithi imelijibu. Kijakazi Saada alikuwa akimletea Liyongo chakula kila siku kutoka kwa mamake. Walinzi walikuwa wakikinyang'anya kile kizuri na kukila, naye wakimwachia mabaki. Liyongo akamtumia mamake ujumbe kwa shairi, kwa maneno ya fumbo: apike chakula kizuri, na kando yake aoke mkate wa pumba, na ndani ya mkate atie tupa. Walinzi walipoona mkate ule wa ovyo wakaucheka, wakampelekea mfungwa. Ulafi wao ndio uliofungua gereza. Na kelele za tupa kwenye chuma? Liyongo aliomba kabla ya kuuawa achezewe ngoma ya gungu. Wakati ngoma na shangwe zimepamba moto nje, yeye ndani anakata. Mmeona? Msimulizi wa zamani alilitarajia swali lenu, akaliziba kila upande.

Swali la pili halikuzibwa. Mfalme wa Pate alipomwita Liyongo aje aonekane na wageni wake Wagala, Liyongo alitoka Shaka kwa miguu. Safari ya siku nne yeye aliimaliza kwa siku moja. (Wagala ni jina linalotumika katika utenzi wa kisa hiki. Wenyewe hujiita Waoromo, na walio ukingoni mwa Tana ni Waorma. Wanaona jina lile la zamani linawavunjia heshima, kwa hiyo tulitumie tunapoitaja hadithi tu.) Naam, siku moja, tumekubali, yeye ni Liyongo. Lakini Pate ni kisiwa! Alivukaje?

Mtoto wa Mtopanga hawezi kulipita swali hili. Kwetu sisi kwenda mjini Mombasa ni kuvuka maji, leo kwa daraja la Nyali, na zamani kwa daraja lililoelea juu ya maji. Masimulizi yanakaza mwendo wake wa nchi kavu, na kuvuka hayakukupa uzito. Hapa ndipo mtu anatakiwa kuijua nchi. Mlango wa bahari kati ya bara na Pate una mikoko mingi, na maji yakipwa huwa mafupi sana, hata majahazi hungojea yajae ndipo yapite. Kwa hiyo waweza kusema alipita kwa miguu maji yalipokupwa, mtu mrefu kama yule. Au waweza kusema palikuwa na mtumbwi, na msikilizaji wa Lamu hakuhitaji kuambiwa, kama vile wewe hutaji daraja kila unaposema umekwenda mjini. Mimi naelekea hili la pili. Msimulizi huyaacha yale ambayo wasikilizaji wake wanayajua tayari. Mamia ya miaka baadaye, sisi wa mbali tunayaona ni pengo.

Swali la tatu ndilo nilipendalo. Katika safari ile ile, Liyongo alibeba mzigo begani: kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga yake. Watu wa Pate walistaajabu ulipofunguliwa, na nyumba ikajaa vyombo. Sote hukumbuka mzigo huu kwa sababu unaonyesha nguvu. Lakini anakwenda kwa mfalme! Ni mgeni aliyealikwa. Mgeni wa mfalme anabeba mafiga ya nini?

Lishikeni swali hilo, mpite nalo katika kisa chote, mtaona jambo. Watu wa msituni walipotaka kumuua, walimtega kwa kikoa, yaani kula kwa zamu. Walikubaliana kila mmoja kwa zamu yake apande mkoma awaangushie wenzake makoma, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mshale kutoka chini. Alipofungwa, aliteswa kwa kunyang'anywa chakula. Alipookoka, aliokolewa na mkate. Na siku alipokufa, mahali alipochagua kupiga goti ni kisimani, watu wa mji wakashikwa na kiu.

Kuanzia mafiga hadi kisima, hadithi hii inauliza jambo moja: nani anakulisha, na je, unaweza kumwamini? Liyongo alipobeba jiko lake alikuwa akimwambia mfalme kwamba hahitaji chungu cha mtu. Kila alipokula kwa mkono wa wengine, mtego ulikuwepo. Hakuna utenzi uliosema maneno hayo. Huo ni usomaji wangu, nami nausimamia. Lakini tazameni tulikofikishwa na swali dogo la mafiga. Nguvu za Liyongo kila mtu huziona, ila mpangilio huu haonekani mpaka mtu aulize kwa nini alibeba vyombo.

Tuje kwenye maswali ambayo masimulizi yanagombana. Kuna maandishi mawili mnayopaswa kuyajua. Moja ni hadithi ya nathari iliyochapwa na Edward Steere, mmisionari Mwingereza, katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili kilichotolewa London mwaka 1870. Alizikusanya Unguja. La pili ni utenzi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, malenga, mwandishi wa hati na fundi wa kuchonga mbao. Profesa M. M. Mulokozi aliuchapisha tena pamoja na tenzi nyingine mbili katika kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, mwaka 1999.

Ukimsoma Kijumwa, Liyongo ni mtu mwema aliyeonewa na mfalme mwenye husuda. Ukimsoma Steere, utashtuka, maana pale Liyongo aliwaudhi sana watu wa mji, mpaka wakafanya shauri la kumfunga. Yupi ni Liyongo wa kweli? Kijana anaweza kuchukua mmoja na kumtupa mwingine. Mimi nasema wote wawili wabaki. Mtu mwenye nguvu kuliko mji mzima ni ngao ya huyu na tishio la yule. Aliyemhadithia Steere na aliyemfunza Kijumwa hawakukaa upande mmoja wa baraza.

Mwisho wa yule mtoto pia una mapokeo mawili. Katika utenzi, mfalme aliyemwahidi binti na cheo alimkataa. Kwa Steere, watu walimshika wakamuua. Lakini tazameni wanapokutana: hakuna msimulizi hata mmoja aliyemwacha afaidi. Masimulizi mawili yakitofautiana katika tawi lakini yakashikana katika shina, shina hilo ndilo jamii ilitaka tulikumbuke.

Na aliishi lini? Hapa wataalamu wenyewe wametawanyika. Wako wanaomweka kabla ya mwaka 1200, wako wanaomleta hadi miaka ya 1600. Wanaopendelea tarehe za karibu huwataja wale Wagala, kwa kuwa Waoromo walianza kuenea kwa wingi kuelekea kusini na pwani katika karne ya 16. Wanaopendelea tarehe za mbali hujibu kwamba malenga wa baadaye angeweza kuwaingiza katika kisa kikongwe, maana malenga huvisha hadithi nguo za zama zake. Kila upande una hoja, na ukijifunza kuzipima zote mbili umejifunza kazi ya mwanahistoria.

Sasa lile swali linalouma. Kwa nini alimwambia? Mtoto alipouliza ni nini kinachoweza kumuua, Liyongo hakuwa mjinga. Alimwambia waziwazi mwanawe kwamba anashuku anataka kumuua. Kisha akamtajia sindano ya shaba na kitovu. Shujaa aliyeuona mtego wa mkoma kabla haujafyatuka, huu wa nyumbani ulimpitaje?

Haukumpita. Aliuona, akaamua kumjibu mwanawe hata hivyo. Hekaya za mashujaa zimejaa siri za namna hii. Katika masimulizi ya Mali, mfalme Sumanguru hakuweza kuuawa kwa chuma, mpaka siri ya kipi cha mguu wa jogoo ikatoka ndani ya nyumba yake na kumfikia Sundiata. Wagiriki walisema Akile hakuingiwa na silaha ila kisiginoni. Na huko nako mapengo yapo, maana utenzi mkubwa wa Homeri unakwisha Akile akiwa hai, na habari ya kisigino tunaipata kwa wasimulizi wengine. Katika visa hivi adui wa nje hafui dafu, na mauti hupitia palipo laini. Kwa Liyongo, palipo laini si kitovu. Ni upendo kwa mtoto. Baba angewaficha siri adui elfu, lakini kumfanya mwanawe kuwa adui kabla ya mwana kutenda lolote, hilo hakuliweza. Mwingine atasema alikuwa amechoka kuwindwa. Mwingine atasema alimjaribu mtoto, akatumaini atashindwa kutenda. Hadithi inaruhusu yote matatu, nanyi mna haki ya kuchagua, mradi mseme sababu.

Na kwa nini kisimani? Angeweza kufa kitandani. Wengine husema alimwandama muuaji wake. Mimi naona alijua anakufa, akaenda mahali ambapo maiti yake itafanya kazi ya askari. Mamake ndiye aliyeitwa kumbembeleza kwa maneno mazuri, kwa kuwa watu walidhani amekasirika. Kila mtu aliogopa, mama peke yake akasogea. Mwili ulipoanguka ndipo watu wakaamini.

Nimewaachia swali moja la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Saada aliishia wapi?

Fikirini. Yeye ndiye aliyebeba fumbo kutoka gerezani mpaka kwa mama. Yeye ndiye aliyebeba mkate. Angekamatwa njiani, hakuna utenzi. Aliijua hatari au alitumwa tu kama kijakazi anavyotumwa? Walinzi walipokutwa wameshindwa na gereza li tupu, bila shaka mfalme alitaka mtu wa kumlaumu. Aliyeleta mkate kila mtu alimjua. Hadithi inamfuata Liyongo aliyetoroka, na Saada anabaki nyuma, mjini, mikononi mwa mfalme yule yule.

Hili halikuachwa wazi kwa hekima ya msimulizi. Liliachwa kwa sababu katika zama zile watu wa daraja la Saada hawakuhesabiwa kuwa na kisa chao. Pwani yetu ilikuwa na utumwa, na utumwa umeingia hata ndani ya hadithi tunazozipenda. Kumuulizia Saada ni kumrudishia heshima aliyonyimwa. Mtu akikwambia hilo ni swali dogo, mwambie lina ukubwa wa mtu mzima.

Lakini wapo waandishi wanaoacha fumbo kwa makusudi. Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955. Ndani yake kuna mzee mmoja wa ajabu, Tom Bombadil, ambaye wasomaji wanabishana hadi leo ni kiumbe gani. Mwaka 1954 Tolkien aliandika katika barua kwamba alimwacha hivyo kwa kutaka, kwa sababu hata ulimwengu wa kubuni unahitaji mafumbo. Tolkien tunaweza kusoma barua zake. Waliomtunga Liyongo ni wengi, kutoka Pate na Lamu hadi kwa Wapokomo wa Mto Tana, ambao nao wana habari zao za Liyongo, na wengi wao hawakuandika chochote. Barua zao ni wazee walio hai.

Kwa hiyo, wanangu, fanyeni hivi. Ukipata swali, kwanza rudi kwenye hadithi yenyewe, uisome polepole, huenda jibu limo. Pili, tafuta simulizi nyingine uzilinganishe. Tatu, uliza. Hapa Kisauni tunaishi na watu waliotoka Lamu, Faza, Witu, Garsen na Kipini. Jirani yako huenda alilelewa kwa simulizi ambayo haimo katika kitabu chochote. Mpe salamu yake, keti, msikilize mpaka amalize, kisha uandike alichosema, wapi alikisikia na kwa nani. Nne, pale ambapo hadithi na wazee wote wamenyamaza, buni.

Kubuni ni halali, na hadithi zote zilianza hivyo. Ila pasiwe na udanganyifu. Atakayeandika kisa cha Saada, nami naomba atokee mmoja wenu, akiandike kwa Kiswahili, amalize, na kwenye ukurasa wa kwanza aseme wazi kwamba kisa hiki amekitunga yeye, si cha Kijumwa.